NG'AMBO NI FUNZO KWETU

Wanachama wetu wa Jambiani waijua njia ya mjini kama waijuavyo njia ya kisimani. Hata hivyo, twaona ni wachache waijuao historia ya Ng'ambo, ambako wengi wetu tuna ndugu.

Zamani palikuwa na hori la bahari, Pwani Ndogo, lililoyatenga majumba ya mawe na nyumba za udongo na makuti. Hori limekwisha kufukiwa. Limebaki jina la Darajani. Baada ya amri ya tarehe 6 Aprili 1897 iliyofuta utumwa katika sheria, watu wengi walioacha mashamba walijenga upande wa pili, wakakaa pamoja na Wangazija, Wamanyema, Wanyamwezi, Wazaramo na Washihiri. Kikwajuni, Miembeni, Mwembetanga na Vikokotoni ikawa mitaa ya mahamali, maseremala, mabaharia, wachuuzi, na makarani kama sisi. Kwa migongo ya watu hao karafuu zilitoka ghalani zikaingia melini. Mahamali wa bandarini walipogoma mwezi wa Agosti 1948, na mgomo ukaenea mjini, kila mtu alifahamu ni nani waliokuwa wakiubeba mji.

Lakini dhiki yao ilikuwa moja: nyumba ya mtu ilikuwa yake, kiwanja cha mwingine. Kodi ya kiwanja ilipopandishwa, mwenye nyumba hakuwa na la kusema ila alipe au ang'oe miti yake. Mwaka 1928 watu walikataa kulipa, wake kwa waume, hata Serikali ikalazimika kutia mkono.

Mbona twayasema haya Jambiani? Tangu Mapinduzi ya 1964 ardhi imekuwa chini ya Serikali, walakini haki ya kuitumia hupita mkono hata mkono kwa karatasi. Na pwani yetu, ambako mama zetu hufukia makumbi na kulima mwani, imejaa hoteli. Mzee hutia sahihi chini ya maandishi asiyoyafahamu, akapokea fedha za kumalizika mwaka huu. Kisha mjukuu wake huambiwa asipite. Tusipoangalia, nasi tutakuwa wenye nyumba wasio na kiwanja.

Basi yatupasa sisi tujuao hati kufanya mambo mawili. Kwanza, asiwepo mzee wa kijiji atakayetia sahihi au dole gumba kabla mmoja wetu hajamsomea karatasi yote, polepole, bila malipo. Pili, mipaka, visima na njia za kwendea pwani viandikwe kwa majina yake, maadamu wazee wanaovijua wangali hai.

Kalamu tulipewa kwa ajili ya mshahara, lakini si kwa mshahara peke yake. Mali bila daftari hupotea bila habari.