Kabla Hujauza Dhahabu kwa Ajili ya Udaktari wa Nje



Wiki iliyopita mama mmoja alikuja dukani kwetu kuchukua nguo ya harusi ya binti yake mkubwa. Alipomaliza kulipa, akafungua mkoba, akatoa bangili nne, akatuuliza kama tunamjua sonara mwenye bei nzuri. Binti yake mdogo amepata nafasi ya kusomea udaktari nje ya nchi, na wakala anataka malipo ya mwanzo kabla mwezi haujaisha.

Tulimpa kiti, tukamwambia, "Zirudishe kwanza mkobani mama, tuzungumze." Tuliyomwambia yeye ndiyo tunayoyaandika hapa, kwani tunajua hayuko peke yake.

Sisi si wasomi wakubwa. Tulimaliza sekondari, tukajifunza ushoni, na cherahani ndiyo iliyotulisha. Lakini jambo hili lilitufika wenyewe mwaka 2023. Mdogo wetu alimaliza kidato cha sita, akafaulu Fizikia, Kemia na Biolojia, akaomba udaktari hapa nchini, akapangiwa kozi nyengine. Alilia siku tatu. Siku ya nne akaja wakala nyumbani na karatasi yenye picha ya chuo kizuri nchini China.

Tuseme wazi: sisi tunataka madaktari wa kike. Ni mwanamke gani kati yetu hajaingia chumba cha kujifungulia huku akiomba Mungu anayemshughulikia awe mwanamke mwenzake? Enzi za Mtume (SAW) alikuwepo Bi Rufaida, aliyewatibu majeruhi katika hema lake Madina. Kwa hiyo mtu asitwambie kwamba udaktari si kazi ya binti wa Kiislamu. Suala letu si kama asome. Suala ni kwa njia gani, na nani atalipa mpaka mwisho.

Karatasi ya wakala ilisema ada ni dola 3,500 kwa mwaka. Mama yetu alisikia hiyo tu, akaanza kutaja kiwanja cha Fuoni. Sisi tuliona kosa lile lile la wateja wetu: mtu ananunua kitambaa cha harusi kwa furaha, halafu anashangaa akiambiwa kuna bitana, lesi, shanga, zipu na fedha ya fundi. Ada ni kitambaa tu.

Tukakaa usiku na daftari. Ada 3,500. Chumba 700. Chakula na matumizi dola 200 kwa mwezi, yaani 2,400 kwa mwaka. Bima na kibali cha kuishi 200. Jumla dola 6,800 kwa mwaka. Masomo ni miaka sita pamoja na mwaka wa vitendo, hivyo ni dola 40,800. Tukaongeza tiketi za kwenda na kurudi mara mbili tu kwa miaka yote sita, 2,400. Ikafika dola 43,200. Kwa dola ya shilingi 2,500, hizo ni shilingi milioni 108.

Sisi kwa kushona nguo moja ya harusi tulikuwa tunachukua shilingi 150,000. Milioni 108 ni nguo 720, na hapo hatujanunua uzi, hatujalipa umeme wala kodi ya duka. Na dola haikai pahala pamoja. Katikati ya mwaka 2024 ilipita shilingi 2,600. Kila ikipanda shilingi 100, mzigo wetu ungeongezeka shilingi 680,000 kwa mwaka. Kiwanja cha mama kingelipa mwaka wa kwanza na nusu ya wa pili. Baada ya hapo tungeuza nini?

Hapa ndipo tunapogombana na baadhi ya wazee. Wanasema, "Mpelekeni tu, Mungu atafungua." Mungu ndiye mwenye kufungua, hatuna shaka. Lakini kutawakali hakumzuii mtu kufunga ngamia wake kwanza. Kumpeleka mtoto wa kike mbali huku ukijua una fedha ya mwaka mmoja na nusu ni kumweka kwenye hatari. Msichana aliyekwama ugenini bila ada, kibali kikaribia kuisha, ataomba msaada kwa nani?

La pili ni safari yenyewe. Wanafunzi wengi wa kigeni waliokuwa nje ya China mipaka ilipofungwa mwaka 2020 hawakuanza kurudi vyuoni mpaka 2022. Watu walikuwa wakisoma udaktari kwenye simu, bila kumgusa mgonjwa! Februari 2022 vita vikaingia Ukraine, na wanafunzi wetu wakavuka mipaka kwenye baridi. Khartoum ndiko wengi wetu tulikoamini zaidi, nchi ya Kiislamu na maisha nafuu. Aprili 2023, tukiwa katika kumi la mwisho la Ramadhani, vita vikaanza, na Watanzania wakarudishwa kupitia Ethiopia. Haya hakuna aliyeweza kuyajua kabla. Lakini mwenye akiba anaweza kuanza upya, na aliyeuza kila kitu anarudi mikono mitupu.

La tatu ni kurudi. Udaktari si cheti cha kutundika ukutani. Kabla hujalipa hata senti, uliza TCU kama chuo hicho kinatambulika, na uchukue barua yao ya kutokuwa na pingamizi. Ukirudi, cheti lazima kitambuliwe, upite mwaka wa utarajali na usajiliwe na baraza la madaktari, ndipo uitwe daktari. Halafu ajira nayo ina foleni yake. Uliza pia lugha: darasa la China laweza kuwa la Kiingereza, lakini mgonjwa wodini anazungumza Kichina. Wakala wetu tulipomuuliza haya, alijibu, "Hayo baadaye." Neno hilo lilitutosha.

La nne ni lenu mabibi harusi. Mteja wetu mmoja tulimshonea nguo, akaolewa, na mwezi wa pili akasafiri kusoma. Mume alikubali kwa mdomo. Mwaka wa pili akamwita arudi. Leo hana shahada, na ndoa nayo haikudumu. Hatumlaumu mmoja peke yake. Tunachosema ni kwamba miaka ya masomo, nani analipa, likizo ziko lini, na watoto mtawapata lini ni mambo ya kuzungumza kabla ya akdi, mbele ya walii na wazee, na yaandikwe. Suala la mahram katika safari nalo muulizeni sheikh mnayemuamini mapema, si siku ya kukata tiketi.

Basi msimamo wetu ni huu. Kama binti amepata ufadhili kamili, chuo kinatambulika, na nyumbani mmekubaliana, mwacheni aende na mumuombee dua. Kama fedha ya miaka yote ipo bila kuuza paa la nyumba na bila mkopo wa riba, pia aende. Nje ya hapo, tuanze na milango ya hapa. SUZA inafundisha udaktari, na skuli yake hiyo ilianza kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Matanzas cha Kuba. Muhimbili wapo, na Moshi, Mwanza na Dodoma kuna vyuo. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar ipo pia, nendeni mkaulize masharti yake.

Mdogo wetu hakusafiri. Wiki mbili hakusema na sisi. Mwaka mzima alikaa nasi dukani akipiga pindo na kutia shanga, na tunajua ulimuuma, maana wenzake walikuwa wakituma picha za uwanja wa ndege. Mwaka 2024 aliomba tena, akapata udaktari hapa hapa nchini, na mkopo juu yake. Sasa yuko mwaka wa pili. Mwaka mmoja umepotea, hatukatai. Lakini kiwanja cha Fuoni bado ni cha mama, na ada ya kesho hatuilalii macho wazi.

Yule mama wa bangili aliondoka nazo. Alisema anakwenda kwanza kuulizia chuo, kisha atakaa na mumewe na daftari. Sonara hakimbii, dada zetu. Hesabu kwanza.

Allah awafungulie mabinti zetu elimu yenye manufaa, kwa njia nyepesi na ya halali. Amin.