Mtungi wa Upepo Usichomelewe Uani

GEREJI NA BARABARA
Na Hamisi Kitogo

Gari linalopita kusiko na lami, liwe linavuka mchanga wa Chalbi kaskazini mwa Kenya au udongo mweusi wa Ndutu, Tanzania, wakati wa masika, huhitaji vitu viwili visivyopatikana porini: upepo wa kurudisha katika matairi yaliyopunguzwa makusudi, na moto wa kuunganishia chuma kilichokatika. Mafundi wa Gerezani, Dar es Salaam, na wenzao wa jua kali Nairobi wanao uwezo wa kuvitengeneza vyote viwili kwa vipuri vya mtumba, na wenye magari hupenda kuvitaja pamoja kana kwamba ni pacha. Havilingani hata kidogo, kwa sababu upepo ni hitaji la kila safari, ilhali uchomeleaji ni jambo la dharura ambalo huenda lisitokee kwa miaka.

Mchanga hudai tairi lipunguzwe, pengine kutoka paundi 35 kwa kila inchi ya mraba hadi 18, ili likanyage kwa upana; lakini tairi hilohilo likikimbizwa juu ya lami kabla ya kujazwa hupata joto na kupasuka. Chanzo rahisi cha upepo huo ni kompresa ya kiyoyozi, yaani pampu inayozungushwa na mkanda wa injini ili kukandamiza gesi ya kupozea, ambayo hukandamiza hewa ya kawaida vilevile ikifunguliwa upande wa kuvutia na kuwekewa chujio la vumbi. Ugumu wake uko katika mafuta. Kompresa za York, zilizofungwa katika baadhi ya magari ya Marekani na Volvo ya miaka ya 1970 na 1980, zina pistoni na bakuli lake la mafuta kama injini ndogo, hivyo hufaa zaidi. Zile za Sanden na Denso, ambazo ndizo nyingi katika magari ya Kijapani, hutegemea mafuta yanayozunguka pamoja na gesi, kwa hiyo zikivuta hewa tupu bila kudondoshewa mafuta husagika, na zikidondoshewa hutema ukungu wa mafuta unaopaswa kunaswa kabla haujafika kwenye tairi. Gesi iliyokuwamo nayo haipaswi kuachiwa itoke tu, kwani R134a hupasha dunia joto zaidi ya mara 1,000 kuliko uzito uleule wa kaboni dioksidi, nayo ni miongoni mwa gesi zinazopunguzwa na makubaliano yaliyofikiwa Kigali mwaka 2016.

Ufundi wa nyumbani unapaswa kukomea mlangoni pa mtungi. Hewa iliyokandamizwa hadi baa 8 huhifadhi nishati kama springi iliyobanwa, na mshono dhaifu ukiachia, vipande vya chuma huruka. Bomba lililozibwa ncha mbili halifai. Mtungi wa gesi ya kupikia haukuundwa kustahimili maji yanayotuama ndani na kuula kwa kutu, na kuuchomelea ukiwa na mabaki ya gesi ni kujitafutia kifo. Kinachofaa ni mtungi wa breki za lori, uliotengenezwa kwa shinikizo la kiasi hicho na wenye koki ya kutolea maji, ukiongezewa swichi inayokata umeme wa kompresa shinikizo likitimia, pamoja na vali ya usalama inayofunguka yenyewe swichi hiyo ikigoma. Madereva wa malori, ambao tangu zamani hujazia matairi kwa upepo wa breki, wangeshangaa kuona jambo hili likijadiliwa.

Kuhusu kuchomelea, njia inayosifiwa ni kuondoa kidhibiti cha alteneta, kile kinachoizuia isipite volti 14 hivi, ili volti zipande kadiri injini inavyoongezwa mwendo. Kuifanyia hivyo alteneta pekee ya gari ni upumbavu, maana swichi ya kurudisha kidhibiti ikisahaulika, volti hizo hufika kwenye kompyuta ya injini. Anayeshikilia njia hii afunge alteneta ya pili isiyogusana na nyaya za gari.

Hata hivyo, msafara wa magari matatu tayari unayo mashine. Betri tatu za volti 12 zikitolewa kabisa garini na kuunganishwa mfululizo, chanya kwa hasi, hutoa volti 36 zinazowasha vizuri kijiti cha milimita 2.5, mradi zifunikwe mbali na cheche kwa kuwa hutoa haidrojeni, klempu ya kurudishia umeme ifungwe karibu na mshono ili umeme usipitie kwenye beringi, waya za alteneta zifunguliwe, na fundi avae kioo cheusi. Kinachobebwa ni nyaya nene, klempu, vijiti na kioo hicho tu. Jani la springi lililoungwa hivyo hubaki gumu na lenye kuvunjika kwa urahisi kandokando ya mshono, kwa hiyo litalifikisha gari gereji kwa mwendo wa polepole, na huko litupwe.