MGANGA NA AULIZE: UNAFANYA KAZI GANI?



Mmoja wetu hapa Karagita aingiapo zahanati na kichwa kinachomgonga, au macho yanayotoa machozi, au mgongo usiokubali kunyoka, huulizwa jina, umri, nambari ya simu na habari za bima. Huulizwa kama ana homa, na kama ametapika. Kisha hupewa vidonge vya maumivu akaenda zake, na kesho asubuhi yuko ndani ya grinihausi tena. Ni mara chache mno kuulizwa swali ambalo kila mtu wa mtaa huu angelijibu kwa neno moja au mawili: Unafanya kazi gani?

Swali hilo si geni katika elimu ya uganga. Mwaka wa 1700 daktari mmoja wa Italia, Bernardino Ramazzini, alitoa kitabu juu ya magonjwa ya watu wa kazi: wachimba migodi, wafinyanzi, hata wale wasafishao vyoo. Aliwaambia waganga wenzake kwamba juu ya maswali waliyofundishwa tangu zamani waongeze na hili la kazi. Imepita miaka zaidi ya 300. Twadhani muda huo watosha swali kufika Naivasha kutoka Italia, hata kama lingekuja kwa miguu.

Msidhani hili ni neno dogo. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 haisemi juu ya mkono uliokatwa na mashine tu; yasema pia juu ya ugonjwa uliotokana na kazi. Lakini ugonjwa hauonekani kama kidole kilichokatika. Lazima daktari aandike. Mpiga dawa akiugua kifua, na daktari asiulize kazi yake, ataandika kifua basi. Mama aliyesimama miaka kumi pakihausi akifunga maua, vifundo vya mikono vikafa ganzi, ataandikiwa kwamba mikono yamwuma. Karatasi ya namna hiyo haina maana mbele ya mtu yeyote wa fidia. Sisi wa chama twaweza kupiga kelele mpaka jioni, bila neno la daktari mwajiri atatuuliza: Ushahidi uko wapi?

Basi madaktari hao wafundishwa wapi? Baadhi yao wafundishwa karibu nasi. Chuo Kikuu cha Egerton, ambacho ni chuo cha umma, kina Kitivo chake cha Sayansi za Afya mjini Nakuru, na wanafunzi wake hujifunza kwa wagonjwa wa hospitali kuu ya kaunti yetu. Kutoka hapa hazifiki kilomita 100. Tena chuo chenyewe ni mtoto wa shamba. Kilianza Njoro mwaka wa 1939, shule ya ukulima iliyoanzishwa na Bwana Maurice Egerton kwa vijana wa Kizungu, kikawa chuo kikuu kamili mwaka wa 1987, na sasa hufundisha watoto wa kila kabila. Chuo kilichozaliwa shambani, kikakaa kati ya mashamba, kina udhuru gani wa kutojua magonjwa ya shambani?

Wala hatuombi sadaka. Chuo cha umma hupata fedha zake kutoka Hazina, na Hazina ni kodi ya sabuni tunazonunua. Mbali na hiyo, tangu Oktoba 2024 kila mshahara wetu wakatwa asilimia 2.75 kwa bima mpya ya afya. Fedha za bima si za chuo, twajua, lakini ni za kulipia matibabu, na watakaotutibu ni hao hao wanaofundishwa Nakuru. Mwenye kulipa ana haki ya kusema angependa atibiwe namna gani.

Tunalotaka ni hili: wanafunzi wa udaktari na wa uuguzi waje kukaa huku majuma kadhaa, wafanye kazi katika zahanati zetu, waingie nyumba za kupanga, wasimame langoni saa kumi na mbili asubuhi waone mabasi ya mashamba yakijaa. Jambo hili lafanyika kwingine. Chuo Kikuu cha Moi huko Eldoret, kilichopokea wanafunzi wake wa kwanza wa udaktari mwaka wa 1990, hakikuwafungia hospitalini miaka yote. Huwatuma katika vituo vya afya vya mashambani waone maji, vyoo na chakula cha watu. Mpango huo waitwa COBES. Na ukimwi ulipokuwa ukimaliza watu, shule hiyo pamoja na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani walianzisha mwaka wa 2001 mpango wa AMPATH, na matibabu yakafika hata kituo cha Mosoriot. Waganga waliona kwamba mgonjwa mwenye njaa hawezi kupona kwa vidonge peke yake, wakalima mashamba wakagawa chakula pamoja na dawa. Hilo hawakulisoma kitabuni. Waliliona kwa kuwa walikuwako.

Hata uchunguzi mkubwa hautaki kila mara mitambo mikubwa. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika hospitali ya Mulago, Kampala, aliandika mwaka wa 1958 juu ya uvimbe wa taya uliokuwa ukiua watoto. Mwaka wa 1961 yeye na wenzake wawili walipanda gari kuukuu wakaenda kama kilomita 16,000, hospitali kwa hospitali, wakiuliza: Ugonjwa huu mwauona hapa? Wakachora ramani, ikaonekana kwamba ugonjwa wafuata nchi za joto na mvua, kama malaria. Dunia nzima yaijua saratani hiyo kwa jina lake.

Huku kwetu maswali yamejaa. Wapiga dawa hutolewa damu ili kuangalia kitu fulani ambacho baadhi ya dawa za wadudu hukishusha. Je, kwa miaka mitano, kumi, hali yao ikoje? Visima vingi vya bonde hili vina floridi iliyopita kipimo cha miligramu 1.5 kwa lita kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani, na meno ya watoto wetu yana rangi ya chai. Je, mifupa yao nayo?

Lakini hapa twataka tuwe wakali kidogo. Wachunguzi hupenda kuja Karagita, kwa sababu watu wa kuulizwa wako wengi mahali pamoja. Huuliza, hupima, huondoka, na majibu huchapwa katika vitabu ambavyo hatutaviona. Mjue haki zenu. Kila mchunguzi lazima awe na kibali cha NACOSTI, chini ya sheria ya mwaka 2013, mwombe akionyeshe. Aeleze kazi yake kwa lugha unayoifahamu kabla hujatia sahihi. Waweza kukataa, na waweza kujitoa katikati, bila kuadhibiwa. Meneja wa shamba hawezi kukubali kwa niaba yako, maana damu si yake. Na chama chadai kwamba kazi ikiisha, majibu yasomwe barazani kwa Kiswahili.

Neno moja juu ya mgomo wa madaktari. Walipogoma siku 56 mwaka wa 2024, kuanzia 14 Machi hadi 8 Mei, baadhi ya wanachama wetu waliwalaani, na mwenye mgonjwa nyumbani hatumlaumu. Ila tukumbuke shauri lilikuwa nini. Mapatano ya mwaka 2017 yaliwapa madaktari wanagenzi kama shilingi 206,000 kwa mwezi. Serikali ikasema itawapa 70,000. Sisi ambao kila mara twapigania mapatano yaliyotiwa sahihi yafuatwe, twawezaje kuwaambia wengine wayasahau ya kwao? Mwanagenzi ndiye humshona mwenzetu usiku wa manane, na huo ni mwaka wake wa mwisho wa kufundishwa.

Kamati ya tawi itamwandikia Mkuu wa Kitivo huko Nakuru, na nakala itakwenda kwa idara ya afya ya kaunti. Barua yataka hesabu. Kila mwakilishi wa chama alete katika mkutano ujao idadi ya wapiga dawa wa shamba lake waliotolewa damu mwaka huu, na wangapi kati yao walionyeshwa majibu. Majina yasiandikwe.