Bunia: Kubadilisha prosesa ya mashini ya zamani, je, pesa itarudi?

Kandokando ya bulevare Libération na karibu na vyuo vikuu vya mji wa Bunia, vibanda vingi vya burotiki vinaendelea kutumika na mashini za mezani zilizonunuliwa okazyo, nyingine zikiwa na zaidi ya miaka 10. Ni pale mwanafunzi anapigisha TFC yake, kijana mwenye kutafuta kazi kwenye mashirika anatuma dosie, mzazi anafanya fotokopi ya cheti cha mtoto. Mashini ikianza kukwama, mteja anavuka barabara na kuingia kwa jirani. Mwenye kibanda anaita fundi, na jibu la haraka mara nyingi iko moja: tubadilishe prosesa.

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025 jibu hilo limepata nguvu zaidi. Siku hiyo Microsoft ilifunga huduma ya kawaida ya kurekebisha Windows 10. Wenye kujiandikisha walipewa mwaka moja wa nyongeza, hadi Oktoba 2026. Basi watu wanawaza hivi: tia prosesa yenye nguvu kidogo, weka Windows 11, mambo yameisha. Hapo ndipo dola zinapotelea.

Sababu iko ndani ya mashini yenyewe. Windows 11 inaomba, kwa upande wa Intel, prosesa za kizazi cha 8, zile zilianza kutoka mwaka 2017, na tena sehemu ya usalama inayoitwa TPM 2.0. Lakini prosesa haiingii kwenye mashini yoyote tu. Kila ubao mkuu, ule mafundi wanaita kartemere, uko na soketi yake. Ubao wa Core 2 Duo uko na soketi 775, na namba hiyo ni hesabu ya sindano zake. Kizazi cha 2 na cha 3, cha mwaka 2011 na 2012, kinakaa kwenye soketi 1155. Cha 4, cha mwaka 2013, kinataka 1150. Hakuna hata moja kati ya hizo soketi inayopokea kizazi cha 8. Ili kukifikia, lazima kubadilisha ubao, kubadilisha rami, na saa ingine hata alimantasyo. Hiyo si kurekebisha tena, ni kununua mashini ingine kwa vipande.

Kuna mafundi wanaojua kulazimisha Windows 11 iingie bila ruhusa. Kwenye mashini za kizazi cha 2 au cha 3 inaweza kukubali. Kwenye Core 2 Duo haiwezekani tena: toleo la 24H2, la mwaka 2024, linaomba amri ambazo prosesa hiyo haina, na mashini haiwaki.

Kubadilisha prosesa si kazi ya bure kila mara. Mwenye mashini ya soketi 1155 yenye Celeron au Pentium, akipata Core i5 ya kizazi kile kile, ataona tofauti kubwa, zaidi kama anakata sauti au video. Lakini hata soketi ikifanana, ubao wa 2011 unaweza kukataa prosesa ya 2012 kama bayosi yake haiijui. Na sindano za soketi ni laini sana: moja ikipinda, ubao wote unaweza kufa. Fundi mwenye kufungua mashini kwa haraka, mteja akiwa anasimama nyuma yake, ni hatari kuliko virusi.

Kwa kazi ya kupiga mashini na kuprinti, mwenye kosa mara nyingi ni mwingine. Kibanda kinaweza kupima chenyewe: bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja wakati mashini inakwama. Diski ikionyesha 100% na prosesa iko chini, basi prosesa haina hatia. Ni diski ya zamani inayozunguka. Ukiweka SSD ndogo na kufikisha rami gigabaiti 8, ile mashini ya 2012 itafungua Word bila kumchosha mtu. Kisha kuna vumbi. Wakati wa kiangazi vumbi la Bunia linajaza vantilateri, pasta ya joto chini yake inakauka, na prosesa ikiona joto inapunguza mwendo yenyewe. Kuipangusa na kupaka pasta mpya ni kazi ya saa moja.

Tena kuna kuran. Kibanda chenye kutegemea jenereta au batri ya sola kinalipa kila wati. Batri ya volti 12 na ampeasaa 100 iko na watisaa 1.200 tu, na haifai kuimaliza yote. Core 2 Duo E8400 imepangiwa wati 65. Core 2 Quad Q6600, ile watu wanatafuta juu iko na kore 4, inafikia wati 95 au 105 kufuatana na aina yake. Mwenye kufanya kazi ya Word atachoma mafuta zaidi kwa nguvu asiyoitumia.

Kwa wale hawataki kutupa mashini, njia ingine ni Linux. Haina leseni ya kulipa, na inakubali mashini za zamani. Tatizo lake ni wateja: TFC iliyoandikwa katika Word, ikifunguliwa katika LibreOffice, inaweza kusogeza kurasa na jedwali, na siku ya kudepo hakuna mwanafunzi anataka kusikia hayo.

Inabaki namna ya kununua. Vipande vingi vinatoka Kampala kupitia Mahagi na barabara RN27, ama kupitia ziwa Albert hadi Kasenyi. Usalama ukiharibika kule Djugu, kipande kinakawia, na cha kubaya hakirudi. Kwa hiyo mnunuzi aende na mashini yake mpaka dukani, aone prosesa inawaka ndani ya ubao wake mwenyewe na inakaa nusu saa bila kuzima, kisha atoe pesa.