Sitavunja Jicho Langu

Ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho. Sijui methali inayotajwa mara nyingi kuliko hii kati yetu Waswahili wa ughaibuni. Hapa Göteborg, Uswidi, mgeni akifika hupewa pamoja na koti la baridi: usicheke kwa sauti kwenye tramu, usikaange samaki madirisha yakiwa wazi, usionekane. Nami nimewarudia wengine maneno hayo kwa miaka. Leo nayaacha, na sababu ni taa za Noeli.

Mtaa wetu ni wa nyumba za safu. Ikifika Adventi, kila dirisha huwekwa kinara cha umeme chenye taa saba nyeupe, na juu yake hutundikwa nyota ya karatasi. Hakuna zaidi. Mwaka juzi akahamia mama mmoja kutoka Bukavu, na Desemba iliyopita alifunga taa za rangi kuanzia ukingo wa paa hadi uani. Mti wa tufaha aliuzungushia taa za buluu, akasimamisha kulungu wawili wanaong'aa, na mlangoni akajenga pango la Noeli lenye Mamajusi wanaowaka na kuzima kwa zamu. Zilikuwa taa nyingi mno, sikatai. Ukishuka kituoni uliiona nyumba yake kabla hujauona mtaa.

Aliniambia kwamba kwao umeme ulikuwa ukikatika karibu kila jioni, na ukirudi mkesha wa Noeli watoto wa mtaa mzima walipiga vigelegele. Hapa jua la Desemba linachomoza saa tatu kasoro asubuhi na kuzama saa tisa na nusu alasiri. Yeye anafanya kazi ya kuhudumia wazee; anatoka gizani, anarudi gizani. Alitaka watoto wake nao wawe na usiku wa kupigia vigelegele.

Wiki ya pili alikuta kikaratasi kwenye sanduku la barua, hakina jina, kinamwomba aheshimu utulivu wa mtaa. Hilo lingemalizwa kwa kubisha hodi na kikombe cha kahawa. Waliomvunja moyo ni sisi. Kwenye kundi letu la WhatsApp ujumbe ulimiminika: Mama, unatuaibisha. Mama, watasema Waafrika ndivyo tulivyo. Mama, hapa si kwetu. Na ile methali, tena na tena. Jioni ileile alizima taa zote, hata za pangoni.

Nawauliza walioandika: hiyo desturi ya mtaa mnayoilinda kuliko wenye mtaa, mnajua imetoka wapi? Kinara cha taa saba mnachokidhania urithi wa mababu kilianzia hapahapa Göteborg mwaka 1934. Mfanyakazi wa kampuni ya Philips aitwaye Oskar Andersson alichukua taa za mti wa Krismasi zilizokuwa za kutupwa, akazipachika kwenye kinara. Nyota ya karatasi ni ya Wamoraviani wa Ujerumani, walewale waliofika Rungwe, mkoani Mbeya, mwaka 1891. Ndugu zetu wa Mbeya wana undugu nayo kuliko wanavyodhani. Mti wenyewe nao umetoka Ujerumani. Mtakatifu Lucia, ambaye tarehe 13 Desemba wasichana wa Kiswidi humwimbia wakiwa na mishumaa kichwani, ni binti wa Sisilia, na wimbo wenyewe una mahadhi ya Napoli. Ondoa vya wageni katika Desemba ya Uswidi uone kitakachobaki. Kila kimoja kilikuwa kigeni siku ya kwanza, na kuna mtu aliyethubutu kukiweka dirishani.

Mtanijibu kwamba watu wa hapa hawapendi kujionyesha, na mtaitaja Sheria ya Jante, ile inayomwonya mtu asijione bora kuliko wengine. Wengi wanaoitaja huiona kama busara ya kale ya watu wa kaskazini. Ni ya mwandishi mmoja, Aksel Sandemose, aliyeiweka katika riwaya yake ya mwaka 1933. Aliiandika kwa uchungu, kuonyesha jinsi mji mdogo unavyomkaba mtu anayeinua kichwa. Naye Sandemose alikuwa mhamiaji, Mdenishi aliyehamia Norway. Tumechukua kilio cha mhamiaji tukakigeuza fimbo ya kumchapia mhamiaji mwenzake.

Isitoshe, huo utulivu hauko kama mnavyousimulia. Kila Desemba wenyeji hawahawa hununua tiketi na kupanga foleni kwenye baridi ili waingie Liseberg, bustani ya michezo ya mji huu, wakaangalie taa zinazohesabiwa kwa mamilioni. Kule Gävle, tangu 1966, hujengwa mbuzi wa Noeli wa majani makavu mwenye urefu wa mita zipatazo 13. Kiu ya mwanga wanayo. Wasichokizoea ni kuuona ukitoka kwa jirani asiye wa kwao, na hilo halitibiwi kwa jirani kujizima.

Na mkisema ni upotevu wa umeme, taa za mama yule zote ni za LED. Tarehe 10 Desemba 2014, hapahapa Uswidi, Stockholm iliwatunuku wanasayansi Akasaki, Amano na Nakamura Nobeli ya Fizikia kwa kuvumbua LED ya buluu, kwa sababu ilileta mwanga mwingi kwa umeme kidogo. Siwezi kukubali kwamba mwanga uliostahili tuzo uwe upotevu ukiwa kwenye mti wa tufaha wa mama wa Bukavu.

Lipo lalamiko moja ninalolikubali. Mamajusi wale walikuwa wakimulika chumba cha mtoto wa nyumba ya pili, na mtoto lazima alale. Hilo lina dawa: kuwageuza Mamajusi, na kufunga saa ya kuzima taa saa nne usiku. Mwenye haki ya kulidai ni mzazi wa mtoto yule, kwa mdomo wake. Sisi wengine tulikuwa tukitetea woga wetu. Tuna methali nyingine, mgeni njoo mwenyeji apone, na hatukuikumbuka hata mmoja.

Usiku ule alipozima, nyumba yake ilibaki bila hata kinara. Siku tatu baadaye mzee wa Kiswidi anayekaa peke yake mwisho wa safu, ambaye kwa miaka yote tumepungiana mkono tu, alinisimamisha barabarani. Aliuliza kama yule mama ni mgonjwa. Alisema kila jioni alikuwa akimtembeza mbwa kwa njia ya mbali ili apite pale.

Nilimfikishia mama salamu hizo. Hakujibu. Maboksi ya taa bado yako stoo kwake. Jumapili ya kwanza ya Adventi naenda na ngazi yangu, waya wa mita ishirini na saa ya kuzimia, nikamwombe anifungulie.