Lugha Nayo ni Kinga

Kijana akijiua huwa tunauliza aliugua nini. Huko British Columbia, Kanada, watafiti Chandler na Lalonde waliitazama jamii yake. Mwaka 1998 walionyesha kuwa katika zaidi ya nusu ya jamii za wenyeji asilia hakuna kijana aliyejiua kwa miaka 5. Zilizosalimika zaidi zilisimamia zenyewe shule, zahanati na mila zao. Mwaka 2007 ikaonekana hivyo pia kwa zilizotunza lugha. Lugha ambayo watoto walichapwa kwa kuisema katika shule za bweni, nyingi zikiendeshwa na watawa wetu! Baba Mtakatifu Fransisko aliomba msamaha huko mwaka 2022. Tunaona dawa peke yake haitoshi. Kijana akisema amechoka kuishi, msikilizeni, msimwache peke yake, mpelekeni kituo cha afya siku hiyo hiyo. Na babu aendelee kumsimulia habari za ukoo.