Daftari la Mteja ni Amana, Hata Likiwa Ndani ya Simu

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ambaye kabla ya kupewa Utume alisafiri na mali ya Bi Khadija (R.A.), na watu wa Makka wakamwita Mwaminifu. Ama baada ya hayo.

Ijumaa hii tunazungumzia jambo ambalo wengi hulihesabu kuwa ni la dunia tupu: namna wafanyabiashara wetu wanavyotumia simu na kompyuta kuhifadhi habari za wateja. Katika maduka ya Makoroboi hapa Mwanza, na katika mwalo wa Kirumba ambao dagaa wake hufika hadi Kongo na Burundi, lile daftari la madeni lililochakaa jalada linaanza kuwekwa kando. Jina la mteja, namba yake, alichonunua na anachodaiwa, vyote vimo ndani ya simu ya mwenye duka. Tangu M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008, na huduma nyingine zikafuata, mama aliyeko Ukerewe huweza kuagiza mzigo na kuulipia bila ya kuvuka ziwa.

Hii ni neema, na anayeikataa kwa sababu tu ni ngeni hana hoja. Uislamu ulitangulia kuhimiza kumbukumbu za biashara. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Sura al-Baqara, inahusu kuandika deni. Humo waumini wameamrishwa waandike deni la muda maalumu, liwe dogo au kubwa, na mwandishi aandike kwa uadilifu mbele ya mashahidi. Mwenye duka anayeingiza deni la kilo mbili za sukari katika simu yake, akalitia tarehe, anatekeleza adabu hiyo kwa chombo cha zama zake.

Lakini tuitazame aya hiyo kwa makini. Imeagiza kwamba anayedaiwa ndiye atakayetamka kiandikwacho, ili haki yake isipotee. Katika daftari la simu mambo hugeuka: anayedai huandika peke yake, na mteja haoni kitu mpaka siku ya kudaiwa. Hapo ndipo ugomvi unapozaliwa. Dawa yake ni nyepesi. Deni likishaandikwa, mteja apelekewe ujumbe hapo hapo wenye kiasi na siku ya kulipa, naye ajibu kuwa amekubali. Akilipa nusu, apelekewe mwingine. Ujumbe huo ni kumbukumbu kwa wote wawili, na gharama yake ni ndogo kuliko gharama ya kuvunja ujirani.

Jambo la pili ni siri. Anayejua ununuzi wa nyumba anaijua nyumba yenyewe: anajua nani ana mgonjwa, nani amepungukiwa, nani hununua kwa mkopo asiotaka ndugu zake waujue. Habari hizo ni amana. Kuzionyesha kwa wengine, kuuza orodha ya namba, au kubandika majina ya wadaiwa katika kundi la WhatsApp la mtaa ni khiyana, na aya ya 12 ya Sura al-Hujurat imekataza kupelelezana na kusengenyana. Sheria ya nchi nayo imesimama upande huo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo linalojulikana, na inampa haki ya kukataa zisitumiwe kumtangazia biashara. Basi mfanyabiashara Mwislamu asingoje Tume ndiyo imkumbushe. Amwombe mteja idhini kabla ya kumtumia matangazo, na akiambiwa basi, iwe basi.

Tumeona madhara ya kuipuuza amana hii katika mikopo ya mitandaoni. Mtu hukopa kwa simu, programu hiyo ikajichotea majina yote yaliyomo, na siku ya kulipa ikipita, mkwe, jirani na mwajiri wanatumiwa ujumbe kwamba fulani ni mdaiwa. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Palipo na riba pana msiba, na fedheha hii ni msiba juu ya msiba. Aya ya 280 ya al-Baqara imeagiza kwamba mdaiwa mwenye dhiki asubiriwe mpaka afarijike, na kumsamehe ni bora zaidi. Simu inayomkumbusha mteja kwa upole imetumika vizuri. Inayomvua nguo mbele ya wakweze imetumika kwa dhulma.

Tatu, hakuna chombo kinachoweza kuficha udanganyifu milele. Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) alipita kwenye lundo la chakula sokoni, akaingiza mkono, akakuta ndani kuna unyevu, akamtaka mwenye mali auweke juu ili watu wauone. Wenye dagaa waliochanganyika na mchanga wa ufukweni wanafahamu tunachokusudia. Mtu anaweza kuwa na namba elfu moja za wateja na kuwatakia Idi njema kila mwaka, lakini akishawapunja katika gunia, salamu hizo hazitawarudisha.

Tunamalizia kwa nasaha kwa familia. Duka likiwa la nyumba nzima, kumbukumbu zake zisiwe kichwani mwa mtu mmoja wala katika simu moja. Simu hutumbukia ziwani, huibiwa, na mwenyewe huweza kufariki na neno lake la siri. Madeni ya marehemu hulipwa kabla ya mirathi kugawanywa. Warithi watayajuaje ikiwa simu imefungwa? Iwekwe nakala mahali pa pili, na mtu mmoja muaminifu ajue pa kuipata. Vijana waliosoma TEHAMA wawasaidie wazee wao kazi hii kwa heshima, nao wazee wasione haya kufundishwa na watoto wao. Wateja nao wawe macho: ujumbe unaosema fedha zitumwe kwenye namba nyingine usifuatwe mpaka mwenye duka apigiwe kwa namba yake ya siku zote.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie riziki ya halali, atuepushe na kula haki za watu, na atufanye miongoni mwa wafanyabiashara wakweli. Amin.